Magurudumu ya Harusi ya Mwalimu Ngatia

Siku hizi mtu hununua pikipiki Januari, akaichosha kabla ya Desemba, na aliyemfungia magurudumu hamjui hata kwa sura. Lakini miaka ile ya mwanzo ya uhuru, mjini Nyeri, mwenye skuta alimjua fundi wake kama anavyoujua mlango wa mamake.

Mafundi wa skuta walikuwa wachache, na aliyesifiwa kuliko wote alikuwa Othmani wa Majengo. Babu yake alifika Nyeri akibeba mizigo ya Wazungu, akaoa hapo hapo, na wajukuu wakawa watu wa msikiti na wa baridi ya mlima. Shule Othmani hakuikanyaga, ila chuo cha Kurani. Kiingereza alikiokota katika vitabu vya mashine ambavyo walowezi walivitupa walipokuwa wakifunga virago. Alivisoma kibandani mwake, kidole chini ya neno, na neno lililomshinda alilizunguka kama mtu anavyozunguka shimo la barabarani.

Kibanda kile cha mabati alikigawana na Peterson Kingori, mwandika vibao kutoka Tetu. Walikuwa rika moja. Othmani alishika spana, Peterson akashika brashi, na kwa miaka sita hapakuwa na aliyeuliza kazi ni ya nani. Mmoja alikula Idi kwa mwenzake, mwingine akala Krismasi.

“Huyu akifa,” Peterson alizoea kuwaambia wateja, “mimi nitampaka rangi nimuuze tena kama mpya.”

“Utaniuza kwa nani, na hata nikiwa hai hujui kuosha brashi?” Othmani humjibu.

Gurudumu la skuta ni dogo, lakini lina hila. Rimu yake si kipande kimoja. Ni sahani mbili za chuma zilizokumbatiana, tairi likiwa katikati. Zipo nati za nje zinazolishika gurudumu kwenye mashine, na zipo nati za ndani zinazozishika sahani mbili zisiachane. Asiyejua hufungua zile za ndani tairi likiwa bado limejaa upepo, na sahani humrukia usoni. Othmani alimjua fundi wa Karatina aliyepoteza meno manne kwa njia hiyo. Yeye alitoa upepo kwanza, akabonyeza tairi kwa gumba mpaka likalegea kama embe bovu, ndipo akagusa spana.

Kwenye kupaka rangi alikuwa na sharti moja. Rangi ipakwe kila mahali isipokuwa pale nati inapokaa na pale sahani zinapogusana. Pale lazima chuma kiguse chuma. Rangi hukaa kati yao kama mto wa kulalia; ikishabonyea, nati hubaki inaelea.

Na akimaliza kukaza, alichora mstari mwembamba mwekundu kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu. Mteja aliambiwa auangalie kila asubuhi. Mstari ukikatika, nati imetembea. Siku ya tatu alirudi, akakaziwa upya, akanywa chai naye. Makarani, wauguzi na walimu, wote walirudi siku ya tatu. Mtu aliona mstari ule kwenye skuta ya mwenzake huko Othaya, akajua Othmani amepita hapo. Hakuwa na shamba wala ng’ombe. Alichokuwa nacho ni ule mstari.

Agosti ya 1968 akaja Mwalimu Ngatia. Alikuwa anamwoa Watiri, binti wa Mzee Theuri, Jumamosi ile ile, na alitaka kumtoa kanisani kwa skuta, magari yakimfuata nyuma.

“Nataka magurudumu meupe, Othmani. Meupe kama maziwa.”

“Bibi harusi ataona wivu,” Peterson akasema.

“Mwalimu, leo ni Alhamisi,” Othmani akamjibu. “Na baridi hii ya Agosti, rangi haikauki kwa siku mbili. Hata nguo haikauki.”

“Ati Othmani ameshindwa? Basi nitawaambia watu ameshindwa.”

Wakacheka, na Othmani akakubali kujaribu. Siku hiyo hiyo alitoa magurudumu yote mawili, akaachanisha sahani, akakwangua kutu kwa brashi ya waya, akapiga msasa, akampa Peterson. Jioni rangi ya kwanza ilikuwa imeshapakwa, na vipande vikaning’inizwa juu ya jiko la makaa.

Ijumaa asubuhi ikaja habari kutoka Wang’uru. Dada yake Chiku, aliyeolewa na mfanyabiashara wa mchele, amefariki. Kwa Waislamu maiti hangoji. Othmani aligusa rangi kwa ncha ya kidole. Ilikuwa bado inanata.

“Usifunge kitu,” alimwambia Peterson. “Skuta ingoje mpaka nirudi Jumatatu.”

“Nenda, ndugu yangu. Nenda uzike.”

Kwenye steji ya basi, akiwa na mkewe Kibibi, alikutana na Mwalimu Ngatia mwenyewe.

“Mwalimu, nisamehe. Rangi haijakauka, na mimi nimefiwa. Harusi nenda kwa gari. Usiichukue skuta kabla sijarudi.”

“Pole sana, Othmani. Nimesikia. Pole na msiba.”

Aliporudi Jumatatu, skuta haikuwepo. Jumamosi asubuhi Ngatia alikuwa amekuja na wenzake wa kwaya, wakamcheka Peterson kwamba bila Mswahili wake hawezi hata kufunga nati. Peterson akapandwa na mori. Othmani alipoondoka, alikuwa amepaka rangi ya pili kila mahali, penye nati na pasipo nati, kwa kuwa jicho lake lilikuwa la vibao na halikuvumilia chuma kitupu. Akafunga juu ya rangi mbichi. Kisha, ili Ngatia asisite, akachukua brashi ndogo na kuchora mistari myekundu.

Kwenye mteremko wa Chania, bibi harusi akiwa nyuma ameshika shela kwa meno, gurudumu la nyuma liliachana na mashine. Watiri alichubuka uso wote upande mmoja. Ngatia alivunjika mguu, na mguu ule haukunyooka tena.

Mwezi ulipokwisha, Mzee Theuri alifika kibandani na wazee wanne. Walimleta Ngatia, mguu kwenye plasta, wakamkalisha kwenye kiti. Wakaliweka gurudumu miguuni pa Othmani, pamoja na nati mbili zilizosalia.

“Hii alama ni ya nani?” Theuri akauliza.

“Ni mfano wa yangu, mzee wangu. Lakini si mkono wangu. Tazama, nyekundu imechanganyika na nyeupe, imekuwa waridi. Ilipakwa juu ya rangi mbichi. Na hapa chini ya nati kuna rangi. Mimi sipaki hapa.”

“Sisi hatujui mambo ya rangi. Wewe mwenyewe ulituambia tuangalie huo mstari. Tuliangalia.”

“Nilikuwa Wang’uru. Nilikuwa nazika.”

Wazee wakamgeukia Peterson. Peterson alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, ingawa mikono ilikuwa safi.

“Alifunga Ijumaa asubuhi mapema,” akasema. “Ndipo akaenda. Mimi ni mtu wa brashi tu. Nati iko na mwenyewe.”

Othmani alimtazama mwenzake, na Peterson akatazama ukuta. Ikabaki sehemu moja tu ya kushika.

“Mwalimu,” akamwambia Ngatia, “ulinikuta steji. Nilikwambia nini?”

Ngatia alimwangalia baba mkwe wake. Akikubali, basi yeye ndiye aliyekatazwa akachukua, akampandisha binti ya watu juu ya mauti. Mahari ilikuwa bado inazungumzwa.

“Sikumbuki vizuri, Othmani. Siku ile nilikuwa na mambo mengi.”

“Hukumbuki uliponipa pole?”

“Pole niliwapa wengi.”

Mzee Theuri alisimama, akasema hataki faini wala kesi, anataka watu wajue tu. Na watu walijua. Majengo nzima iliwaona Othmani na Kibibi wakipanda basi, wakasema hivyo sokoni na msikitini. Lakini saa ya kufunga nati waliiona wale wa kwaya tu, nao walisimama na mwalimu, na Majengo haikuwa na skuta. Wenye skuta walitoka kwenye mashule na maofisi, nao walimwamini mwalimu.

Mmoja mmoja waliacha kuja siku ya tatu, kisha wakaacha kuja kabisa. Peterson alihamia barabara ya juu, akafungua gereji yenye kibao alichokiandika mwenyewe, kizuri kupita vyote vya mji. Othmani akabaki kuziba tyubu za baiskeli na matoroli. Magdaline, mwuza mboga wa jirani, alimwambia ahamie Nanyuki akaanze upya. Kibibi hakumfariji.

“Wewe ndiwe uliyewafundisha watu kuamini rangi,” alimwambia. “Sasa wameamini.”

Miaka saba ikapita. Adhuhuri moja ya mvua, Peterson na Ngatia waliingia kibandani pamoja. Walikuwa wamenenepa. Ngatia, sasa mwalimu mkuu, alitembea kwa mkongojo. Mzee Theuri alikuwa amekwisha kufa.

Peterson alisema kuna shamba la ngano kule Timau lenye skuta nne za zamani zinazotakiwa kurudishwa kama mpya, na vijana wake wa gereji wanaogopa kuzifungua rimu.

“Wewe pekee ndiwe unayejua, Othmani. Njoo kwangu. Utafanyia nyuma, kule stoo. Wateja hawatakuona.”

Othmani aliweka chini pampu.

“Mwalimu,” akasema, “mimi nitafungua hizo rimu hata bure. Ila simama hapo nje, penye watu wa mboga, useme mara moja tu kwamba nilikukataza. Uliyekuwa ukimwogopa hayupo tena.”

Ngatia aliangalia viatu vyake.

“Hayo ni mambo ya zamani, Othmani. Watu wamesahau.”

“Kama wamesahau, mbona nifanyie stoo?”

Peterson alifungua mdomo kama anayetaka kutania, kama zamani, akaufunga. Wakatoka. Othmani alisimama mlangoni akawatazama wakiteremka kwenye tope, Ngatia ameegemea bega la Peterson, Peterson amemshika kiuno ili asiteleze, wakienda polepole hatua kwa hatua kama ndugu wawili. Penye kona ya duka la nyama walisimama kidogo kumpisha mwenye toroli, kisha wakapinda, na Othmani hakuwaona tena.