Nazi za Kumrudisha Athumani

Kwaru, kwaru, kwaru. Sauti ya nazi ikikunwa kwenye mbuzi ndiyo iliyoutangaza mchana nyumbani kwetu Malindi. Nyumba isiyosikika ikikuna nazi ilidhaniwa ina msiba au ina uvivu, na mama hakutaka kusingiziwa lolote kati ya hayo. Kisha, katika miaka ya themanini, nikiwa msichana wa darasa la tatu, mama akaugua homa ya uti wa mgongo. Tulikuwa tumeshamlilia. Aliporudi kutoka hospitali majirani walijaa uani, kila mmoja akituambia tumshukuru Mungu, mama amepona. Tukashukuru. Hakuna aliyetuambia la kufanya baada ya kushukuru.

Homa ilimwachia masikio yasiyostahimili kelele. Sufuria ikigonga jiwe, alijikunja akashika kichwa. Tukazima redio, tukazungumza kwa ishara, mbuzi ikatundikwa ukutani. Tukawa tunakula wali mkavu na mchicha wa maji matupu, chakula ambacho kwetu hata mfungwa angekikataa. Yote hayo tuliyaweza. Kilichotushinda ni ndugu yangu Athumani, mtoto mchanga, maana hakuna wa kumfunza kunong'ona. Akilia, mama alimkimbia. Nilimwona kwa macho yangu akijifungia chumbani, ameziba masikio, na mtoto analia mkekani. Baba akakata tamaa. Akamwita dada yake wa Gede, Shangazi Mishi, ambaye naye alikuwa akinyonyesha, amchukue Athumani kwa siku mbili tatu. Mama alizikunja nguo za mtoto moja moja, asiseme kitu. Niliuchukia ukimya ule kuliko nilivyowahi kuchukia kelele.

Siku mbili tatu zikawa mwaka na zaidi. Asubuhi moja nikasikia kwaru, ikakoma, kisha kwaru tena. Nikatoka mbio uani. Mama alikuwa ameketi juu ya mbuzi, machozi yakimtiririka, nazi mkononi. Nikataka kumpokonya.

"Niache, mwanangu," akasema. "Nikiizoea hii, nitamzoea Athumani."

Akawa anakuna kila siku, kwanza nusu nazi, kisha nazi nzima. Tulikula vya tui mpaka tukakinai, na hakuna aliyethubutu kulalamika. Hatimaye baba akamwita Shangazi amlete mtoto. Mama akampakata. Athumani akamtazama, akaangua kilio, akamnyooshea Shangazi mikono akiita mama, mama. Mama hakuziba masikio. Alikisikiliza kilio kile chote mpaka mtoto akachoka, akalala.

Wiki haikuisha, akarudishwa Gede.

Siku hizi nakuna nazi kwa mashine, yenye kelele kuliko mbuzi kumi, na mama amekaa kando wala hashtuki. Athumani, sasa baba wa watoto, huja kumwamkia shikamoo kwa adabu nyingi mno, adabu ya mgeni, kisha huaga mapema ili awahi Gede kwa mama yake. Akishaondoka, na nyumba ikinyamaza, mama huniomba niwashe ile mashine, hata kama haina nazi ndani.