Siku Bi Doa Alipomfua Paka

Watu walimwita Bi Doa, naye jina hilo hakulichukia. Lilitokana na jicho lake. Mteja akileta shati kwenye chumba chake cha kufulia, hata salamu hazijaisha, yeye alikuwa ameshaliinua kwenye mwanga na kutamka, "Chai. Chini ya kifungo." Kwa sabuni na pasi alimsomesha mwanawe wa pekee baada ya mumewe kufariki, na hakuna mtu mtaani aliyewahi kurudishiwa nguo yenye walakini. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya nyumba, na aliilinda kama mboni ya jicho.

Mwanawe alipooa, mkamwana akaja na masanduku yake na paka. Paka alikuwa mweupe pe, jina lake Bafta, na alitembea mle ndani kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji.

"Huyu anaogeshwa lini?" Bi Doa aliuliza siku za mwanzo.

"Haogeshwi, mama. Anajisafisha mwenyewe kwa kujilamba. Labda aingie kwenye kitu kibaya, hapo ndiyo unamwosha."

Bi Doa aliitua pasi. "Kwa mate? Mwanangu, katika nyumba hii?"

Mkamwana alicheka akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha.

Ikafika Jumamosi ambayo mama yake mkamwana alikuwa anakuja kwa mara ya kwanza kuona binti yake anaishi vipi. Mwana yuko kazini, mkamwana kaenda sokoni. Bi Doa alikuwa amedeki mpaka nyuma ya mlango. Akaingia chumba cha kufulia kuchukua shuka nyeupe ya mteja, aliyotoka kuipiga pasi, na moyo ukamlipuka. Nyayo za vumbi zilikuwa zimekatiza shuka yote, na mwisho wa nyayo hizo Bafta amejikunja, kalala fofofo.

"Leo utaoga," alisema Bi Doa. "Mgeni hatakukuta hivi."

Hakuwa na chuki naye. Alifanya alichokijua. Alimloweka kwenye beseni, akachota sabuni ya unga, ile kali ya kola na makwapa, akamsugua. Paka alilia kwa sauti ambayo Bi Doa hakujua kwamba inaweza kutoka kwenye mwili mdogo vile, akamparura mkono mpaka kwenye kiwiko. Alimsuuza harakaharaka. Kisha mikono ikaenda yenyewe ilikozoea kwenda na kila kitu cheupe: kwenye beseni la maji yaliyotiwa buluu ya kufulia. Nguo ikizamishwa mle hutoka inang'aa. Manyoya si nguo.

Aliyetoka alikuwa paka wa buluu.

Bi Doa aliketi sakafuni puu. Kile kiumbe kilikuwa kimenywea, kimebaki nusu yake, kinatetemeka. Kikaanza kujilamba. Povu likajaa mdomoni, kikajikunyata, kikatapika, kikalala ubavu. Bi Doa alijua kuondoa damu, wino na kutu. Hili hakulijua.

Mkamwana aliingia, kikapu kikamponyoka. "Mama! Umemfanya nini?"

"Nime… nimemfua."

"Kwa sabuni ipi?"

Bi Doa alionyesha kopo kwa kidevu. Binti hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. "Mshike kichwa, asijilambe! Maji ya uvuguvugu!" Simu aliibana kwa bega, akamsikiliza daktari wa mifugo huku akimwagia paka maji. "Maji matupu mpaka sabuni iishe, kisha tumpeleke kwake," alisema. "Sasa ndiyo siku ya kumwogesha, mama. Umeitengeneza mwenyewe." Akamgeuza paka ubavu wa pili. "Akifa, mimi siwezi kukaa hapa."

Maneno hayo yalimchoma Bi Doa kuliko mikwaruzo. Aliona mkamwana akishuka ngazi na masanduku, na mtaa mzima ukiuliza kwa nini.

"Hodi!"

Hakuna aliyekwenda. Mgeni alijifungulia, akafuata sauti, akasimama mlangoni. Sakafu povu tupu. Mwenyeji wake kalowa mpaka kifuani, mkono unavuja damu. Binti yake analia.

"Mungu wangu! Ni nini hicho?"

"Ni Bafta, mama."

"Bafta si mweupe?"

"Alikuwa."

Mgeni alimgeukia Bi Doa. "Nani kafanya hivi?"

Paka katumbukia kwenye beseni, ndivyo angeweza kusema. Beseni lilikuwa pale, nani angebisha? Uongo ulikuwa tayari, umenyooshwa kama shati la sikukuu. Mkamwana alimtazama, akamwachia ajibu mwenyewe.

"Mimi," alisema Bi Doa. "Mwanao alinikataza. Niliogopa utukute wachafu."

Mgeni alitua mkoba, akakunja mikono ya gauni. "Sogea, dada. Unamkamua kama suruali. Nipe miguu, wewe mwaga maji."

Walimsuuza wote watatu mpaka maji yakatoka maangavu. Mkamwana alikuwa anamfunga kwa taulo, ndipo paka alipofungua jicho moja, akamwona Bi Doa, akamng'ata kidole gumba. Bi Doa hakukitoa.

"Kauma!" mkamwana alisema, akacheka huku machozi yanamtoka. "Basi anaishi huyu."

Daktari naye alisema hivyohivyo. Jioni mgeni aliondoka na mkoba wake tu, peke yake.

Buluu ilikaa mpaka manyoya ya zamani yalipopukutika. Bafta alikuwa akishinda dirishani, wazi kwa kila apitaye, na Bi Doa hakumficha. Mteja mmoja aliyeleta mashuka alishtuka. "Bi Doa! Na huyo mbona hivyo?"

"Nilimfua," alisema Bi Doa, akiinua shuka kwenye mwanga. "Haoshwi huyo. Doa hili ni la mchuzi?"