Manang Consorcia, mchagua kadi wa mji mzima aliyeshindwa kumchagulia mdogo wake

Saa mbili na nusu asubuhi. Consorcia Delfin, mwenye umri wa miaka 63, ambaye mji mzima humwita Manang, yaani dada mkubwa, anaanika majitu. Anayatoa moja moja kwenye boksi la biskuti, anayabana kwa vibanio vya nguo kwenye kamba inayotoka nguzo ya duka la dawa hadi dirisha la fundi saa. Kila anapobana moja, analitazama usoni kama mama anayemkagua mtoto masikio kabla ya shule.

Lipo jitu jeusi la manyoya, limekaa juu ya mti linavuta sigara nene. Wapo vibete wa kichuguu waliobeba keki kubwa kuliko wao. Yupo mwanamke aliyekatika kiunoni, nusu ya juu inapaa kwa mabawa ya popo, na chini yake pameandikwa: “Nusu yangu iko kwako.” Kadi hiyo wanaipenda sana wake ambao waume zao wako melini.

Hapa ni Roxas, jimbo la Capiz. Watu wa Manila wakisikia mtu katokea huku, husogeza kiti nyuma kidogo.

“Kijana mmoja wa Manila aliniuliza kama kweli sisi wa Capiz ni aswang, tunakula watu,” anasimulia Consorcia. “Nikamwambia mimi nilikuwa nakula, lakini daktari kanikataza nyama.”

Mteja wa kwanza leo ni Crispulo Andaya, mwendesha baiskeli ya abiria, ile yenye kibanda ubavuni. Kaiegesha katikati ya njia, abiria wake yuko ndani bado, anajipepea kwa gazeti.

“Manang, nipe kadi ya maua. Mke wangu kesho anatimiza hamsini.”

“Maua? Kwani amekufa?”

“Hajafa. Kanuna.”

“Tangu lini?”

“Tangu Jumapili. Au tuseme tangu tuoane.”

Consorcia hanyanyui mkono kushika kadi. Anauliza swali ambalo huwauliza wote, awe padri au mpiga debe: “Anaogopa nini?”

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kuchora anaweza yeyote mwenye kalamu, anasema, ila kadi huchaguliwa kwa hofu ya anayepelekewa. Kitu anachojifanya kukiogopa, unamchorea, atacheka. Kitu anachokiogopa kweli, unakipita mbali, au unamchorea dawa yake.

Crispulo anakuna kidevu. “Anasema anaogopa mende. Lakini nimemwona anamuua kwa kidole.”

“Huyo mende tumwache. Alinunaje?”

“Alikata nywele. Nikakaa siku mbili sijasema kitu.”

“Hukuona?”

“Niliona, Manang! Nilidhani nimebadilishiwa mke, nikaogopa kuuliza.”

Abiria aliyemo kwenye baiskeli anacheka mpaka gazeti linamtoka. Consorcia anashusha lile jitu la manyoya, kapre, na kumwekea Crispulo mkononi.

“Huyu akimpenda mwanamke, anakaa kwenye mti ulio mbele ya dirisha lake mpaka mwanamke azeeke. Hasemi, haondoki, anamwangalia tu. Ni wewe huyu.”

“Mimi sivuti sigara siku hizi.”

“Hayo mengine je?”

Crispulo anafikiri. “Hayo mengine ni mimi.”

“Basi ndani andika kwamba umeziona nywele. Andika na zinamfikia wapi, ajue kweli uliziona.”

Kadi ni peso thelathini, na siku njema Consorcia huuza kumi na mbili. Anachora kwa wino, anatoa nakala kwenye mashine ya fotokopi ya jirani, kisha anapaka rangi kwa mkono. Alianza baada ya miaka mingi ya kuandika majina kwenye mashua na vibao vya maduka, kazi aliyorithi kwa baba yake pamoja na brashi tatu na maumivu ya mgongo. Shule aliishia darasa la sita. Hakuolewa. Anasema kila aliyekuja kumposa, yeye alimuuliza anaogopa nini, na wote wakadai hawaogopi kitu, naye hakutaka kuishi na mwongo.

Crispulo anapanda baiskeli yake, kisha anageuza shingo. “Na wewe, Manang? Ijumaa si siku ya kuzaliwa ya Herminia? Wa kwako umemchagulia?”

Consorcia anajifanya anahesabu vibanio.

Mji mzima unajua kisa hicho, na waliokuwepo hukisimulia kwa zamu. Herminia ni mdogo wake wa pekee. Aliolewa akiwa na miaka arobaini na minne, wakati shangazi zake walikwisha kumzoea akiwa peke yake. Siku ya harusi, maharusi wanatoka kanisani, mvua ikanyesha huku jua linawaka. Na mvua ya namna hiyo, mtoto yeyote wa Capiz atakwambia maana yake: kuna tikbalang anaoa.

Tikbalang ni mtu mwenye kichwa na kwato za farasi, na miguu mirefu kiasi kwamba akichuchumaa magoti yanapita masikio. Consorcia alikuwa na karatasi kwenye mkoba. Akaketi benchi la nyuma, akachora bwana harusi tikbalang kavaa suti, bibi harusi kamshika mkono, matone ya mvua yanang'aa juu yao. Kwake ilikuwa baraka. Mbingu zenyewe zilikuwa zimeshasema, yeye alinakili tu.

Ila alisahau kumwangalia bwana harusi. Teodulfo ni mtu mwema, lakini uso wake unaanzia juu na unachukua muda kufika chini. Miguu nayo ni vivyo hivyo.

Kadi ilizunguka meza kumi na nne kabla ya kuwafikia maharusi. Ilipofika, mjomba mmoja aliyekwisha kunywa akasimama kutoa nasaha, akafungua mdomo, akalia kama farasi.

“Umemwita mume wangu mnyama mbele ya nguruwe wa kuchoma!” Herminia alimwambia dada yake, na hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho. Miaka kumi na miwili. Na anakaa ng'ambo ya daraja tu, mwendo wa kutembea wa mtu asiye na haraka.

Kila mwaka Consorcia humchorea kadi ya siku ya kuzaliwa, na kila mwaka haipeleki. “Huyu anaogopa kuchekwa,” anasema. “Na mimi sijui kuchora kitu kisichochekesha. Nilijaribu malaika. Alitoka kama kuku.”

Angeweza kuendelea hivyo mpaka uzeeni, kama si mwezi uliopita. Herminia alilazwa siku tano, akafanyiwa upasuaji wa mawe ya nyongo, akatoka. Dada yake alizipata habari kwa muuza samaki, akiwa ameshachagua samaki.

“Angeweza kufa,” anasema Consorcia, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hana mzaha. “Angekufa, halafu mimi ningeambiwa huku napimiwa kilo.”

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, saa tano, kofia iligusa kamba na kuangusha vibete wawili. Consorcia hakuhitaji kuinua macho. Mjini Roxas hakuna kofia nyingine inayofika juu hivyo.

“Habari za asubuhi, Manang,” alisema Teodulfo.

“Za asubuhi nzuri. Za hiyo miaka kumi na miwili niulize kesho.”

“Nataka kadi ya Herminia.”

Mazoea yakamtangulia. “Anaogopa nini?”

“Kuchekwa,” Teodulfo akajibu hapo hapo. “Na unajua nani alimpa ugonjwa huo.”

Fundi saa akazima redio yake, asipitwe.

“Dolfo,” Consorcia akasema taratibu, “na wewe ulikasirika?”

“Mimi? Uso huu ninao tangu shule ya msingi. Tena siku ile wewe peke yako ndiye uliyenichora na suti ikanikaa.”

“Sasa mbona hukumwambia mkeo?”

“Bwana harusi wa siku moja amwambie mkewe amekosea?”

“Na baadaye?”

“Bwana harusi wa miaka kumi na miwili ndiyo kabisa.”

Alivua kofia kujipangusa jasho, na Consorcia akaona kitu ambacho harusini hakikuwepo. Kichwa kizima kilikuwa kinang'aa kama sahani. Wanaomjua tikbalang wanajua pia namna ya kumshinda: shingoni ana nywele tatu nene, na ukifanikiwa kumng'oa hizo, anakuwa mtumishi wako maisha yote.

“Alikung'oa zote?” Consorcia aliuliza.

Teodulfo akapapasa upara wake. Kisha akaanza kucheka, na kicheko chake, kwa bahati mbaya, nacho ni cha farasi.

Consorcia alichora pale pale, amesimama, wateja watatu wanangoja. Tikbalang mwenye upara kafunga aproni. Mkono mmoja kikapu cha soko, mwingine ndoo, mwavuli kaubana kwapani. Mbele yake anatembea mwanamke mikono mitupu, kidevu juu kama malkia, na kifuani kabandika nywele tatu mfano wa nishani. Hakuna awezaye kumcheka mwanamke yule. Hata mteja wa tatu, mama aliyekuja kutafuta kadi ya ubatizo, alisema anamwonea wivu.

Teodulfo akaandika chini, “Mtumishi wako, Dolfo,” kisha akasukuma kalamu upande wa pili.

“Weka na jina lako, Manang.”

“Mpe tu. Sema umeipata kwa fundi saa.”

“Mimi simo,” alisema fundi saa.

“Weka jina,” Teodulfo akarudia. “Nikifukuzwa, tufukuzwe wawili.”

Mkono ulioandika majina ya mashua nusu ya bandari ulikawia juu ya karatasi. Jina lilitoka dogo, limepinda, kama la mtoto wa darasa la kwanza. Lakini lilitoka.

Ijumaa ikapita kimya. Jumamosi Consorcia akili haikuwepo: alimuuzia bibi mmoja kadi ya posa kwa ajili ya mazishi, na bibi akarudi kumshukuru, akasema wafiwa wamefarijika sana. Jumapili hakufungua.

Jumatatu saa nne, Herminia akasimama mbele ya kamba. Amekonda kidogo, mkoba kaubana tumboni upande wa kidonda. Hakusalimia. Alipita kadi zote kwa macho, moja baada ya nyingine, kama mkaguzi wa afya.

“Manang,” alisema mwishowe. “Masikio.”

“Yamefanya nini?”

“Umeyapunguza. Dolfo ana masikio makubwa kuliko yale. Kama unamchora mume wangu, mchore kamili.”

“Niliona tusianze na masikio.”

Pua ya Herminia ikatoa sauti ndogo. Akaigeuza kuwa kikohozi, lakini fundi saa anaapa kwamba kilikuwa kicheko.

“Nilipolazwa nilimuuliza nesi kila siku kama umekuja,” alisema.

“Sikuambiwa, Inday.” Ni jina la kumdekeza mdogo wa kike, na Consorcia hakuwa amelitamka tangu siku ya harusi.

“Najua hukuambiwa. Mimi ndiye niliyekataza usiambiwe.” Akaweka mkoba sawa. “Halafu nikakasirika hukuja.”

Consorcia alimvutia kigoda. Wakakaa bega kwa bega chini ya majitu yao, mpaka mteja akaja kuulizia kadi ya mama mkwe, na Herminia ndiye aliyemuuliza anaogopa nini.

Consorcia ana mipango. Anataka meza kwenye sherehe za mji, na mashine yake mwenyewe ya fotokopi. Lakini mpango wa karibu zaidi ni wa Jumapili. Herminia alipoinuka kuondoka alimwambia, bila kugeuka:

“Njoo ule kwetu Jumapili. Dolfo anapika. Na usije na kalamu.”

Atakwenda. Hilo la kalamu, anasema, bado analifikiria.