Nyegera Iliyoingia Kwenye Miksi

Mjukuu wangu ni DJ. Nalisema waziwazi, maana hapa Kibeta kuna watu wakilisikia hilo wanaangalia pembeni kama nimetaja ugonjwa. Ni binti, ana mikono myembamba, lakini akikaa mbele ya kompyuta yake, wimbo wa kwanza hujui umekufa saa ngapi wala wa pili umezaliwa saa ngapi. Mimi niliishia darasa la nne. Masikio yangu hayakuishia hapo.

Kamati ya harusi kule Nshamba ilikuwa inatafuta mtu wa mziki. Shangazi wa bwana harusi, mwanamke wa kanisani asiyecheka ovyo, akanipigia simu.

"Nasikia mjukuu wako anapiga mziki. Vijana wetu wanamtaka kaka mmoja wa mjini mwenye maspika makubwa. Mwambie binti arekodi miksi, tuisikie kwanza. DJ mwanamke mimi sijawahi kumwona."

"Hata mimi ndege sijawahi kuipanda," nikamjibu, "lakini inaruka."

Kwa utani huo nilificha wasiwasi. Mpaka wakati huo binti alikuwa amepiga kwenye vipaimara na sherehe za watoto tu. Baba yake, ambaye ni mwanangu, alikuwa ameshasema: akikosa na hii harusi, basi, aende Muleba akakae dukani kwake auze misumari. Na mwanangu akisema basi, ni basi. Ukaidi huo ameutoa kwangu.

Ikaja kazi ya kuchagua programu ya kurekodia. Mimi nilidhani unabonyeza kitufe chekundu, kama redio kaseti ya marehemu mume wangu. Kumbe programu ni kama migomba ya kibanja, shamba la nyumbani kwetu: kuna ya ndizi za kupika, za kuchoma, za kukamua pombe, na kwa mbali zote ni kijani tu.

Ya kwanza alipewa na rafiki yake. Kubwa, ina vitufe vingi kuliko vifungo vya joho la askofu. Kompyuta ya binti ni kuukuu. Alipoifungua tu feni ikaanza kulia, halafu kila kitu kikaganda.

"Umempandisha mzee mlima na gunia la kahawa mgongoni," nikamwambia. Akaifuta.

Iliyofuata ilikuwa ya majaribio. Inakuacha upige mpaka umalize, umelowa jasho, halafu ukitaka kuhifadhi kazi yako inakwambia nunua kwanza.

"Huo ni uchoyo wa kumnusisha mgeni chungu," nikasema. Binti akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Hatimaye akapata nyepesi, inayochanganya nyimbo na kurekodi hapo hapo. Jumamosi mchana akaniambia, "Bibi, naanza. Usiongee." Nikakaa kwenye mkeka nikimenya ndizi kimya kama mwizi. Na alipiga, jamani! Kwaya ikayeyuka polepole, chini yake ngoma ya kwetu ikaanza kupanda, na shingo yangu ikacheza bila kuomba ruhusa. Nilimtazama yule mtoto nikawaza: hiki kitu amefundishwa na nani? Hakuna. Ametega sikio, basi.

Wimbo mmoja ulikuwa unashuka na mwingine haujapanda, jirani yangu akatokea mlangoni na beseni la maharage. "Hodi!"

Nifanye nini? Mtu amesimama mlangoni kwangu. Mhaya hamwachi mgeni bila neno hata nyumba ikiwaka moto. Nikatoa sauti yote ya kifuani: "Nyegera waitu!" Yaani karibu, karibu sana kwetu.

Binti akashika kichwa. "Bibi! Umeingia!"

"Nimeingia wapi? Nimekaa hapa hapa."

Kumbe alikuwa ameiacha programu isikilize kwa maikrofoni ya kompyuta, badala ya kuchukua mziki wenyewe kwa ndani. Ikazoa kila kitu: jogoo, ndizi zangu zikidondoka kwenye sufuria ya maji, na mimi.

"Nirudi nje?" jirani akauliza.

"Wewe kaa. Maharage yako hayana kosa."

Akarekebisha, akapiga upya, safari hii jirani na mimi tumebana midomo. Lakini palikuwa na sehemu za kukata na kuunga, na programu ile haikuwa hodari kwa hilo. Akanuna. Alitaka moja ifanye yote.

"Kisu cha kumenyea ndizi hakikati mgomba," nikamwambia. "Mbona mimi nina kisu na panga?"

Akatafuta nyingine, ya bure, ambayo kazi yake ni kukata na kuunga tu. Humo sauti inaonekana kama milima. Akafungua kwanza ile rekodi iliyoharibika, akanionyesha. "Huyu hapa ni wewe, Bibi." Kilima changu kilikuwa kirefu kuliko cha ngoma!

"Kifute," nikasema.

Hakukifuta. Alikisikiliza, akakisikiliza tena, akamkata jogoo, kisha akaibandika nyegera yangu mwanzo kabisa wa miksi mpya, ngoma ikaingia chini yake taratibu.

"Shangazi yule atadhani tunamtania," nikamwonya.

"Bibi, wewe unampa mtu chakula kabla hujamkaribisha?"

Ni maneno yangu mwenyewe, nilimfundisha akiwa na kimo cha jembe.

Miksi ikaenda Nshamba. Shangazi akapiga simu.

"Nimeisikiliza. Kaka wa mjini ameanza kwa kupiga kelele jina lake. Binti ameanza kwa kunikaribisha. Aje yeye." Kisha akauliza: "Ila huyo bibi anayepayuka ni nani?"

"Ni jirani," nikasema.

Siku ya harusi wageni waliingia kwa miksi ile ile. Sauti yangu ikatoka kwenye maspika, kubwa kama ya ng'ombe, na wazee wakaitikia kwa kicheko, wengine wakainua mikono. Mwanangu, yule wa misumari, alikuwa amesaidia kubeba maspika, shati limemganda mgongoni. Akaja kuniinamia.

"Mama, hiyo si sauti yako?"

"Nyamaza," nikamwambia. "Sikiliza mziki wa mwanao."