Karamu ya Harusi, Majani ya Matanga

Miaka yote aliyojaza umati kwenye filamu za Kerala, kusini mwa India, Kochupennu alikuwa amelia kwenye mazishi ya matajiri, amefagia nyua za matajiri, na siku moja akazabwa kofi na mtoto wa tajiri. Kuketi, hajawahi. Basi alipoambiwa filamu mpya inahusu jumba la Wanayar, mabwana wa tabaka la juu, linalooa kwa Wapulaya, watu waliokatazwa hata kukanyaga ua wake, na kwamba yeye, Mpulaya wa kuzaliwa, ataketi karamuni ubavuni mwa bibi harusi, aliutangazia mtaa: "Safari hii mtaniona nimekaa!"

Bibi harusi mwenyewe alikuwa mweupe kama maziwa, kaletwa kutoka Mumbai, kapakwa weusi. Joto lilipopanda, Upulaya ukaanza kumchuruzika shingoni. Chakula kwenye majani ya mgomba kilikuwa kilekile cha asubuhi: mchuzi wa dengu umechacha mpaka unatoa povu, payasam, uji mtamu wa maziwa, umeota ngozi, wali umepuliziwa mafuta ung'ae, na nzi wamejialika. Chakula cha kuliwa kweli, wakubwa walikipata barazani. Wajaza umati walipewa vifurushi wakale nyuma ya choo. Filamu ya usawa, jamani.

"Kuleni kwa furaha!" Jayadevan, mwongozaji, alipaaza sauti. "Hii ni historia!"

"Historia inanuka," Kochupennu akamnong'oneza Chellamma, aliyeketi pembeni yake.

Mpaka rangi wa waigizaji akaja mbio. "Bosi, huyu mama ni mweusi kweli. Akikaa hapo, bibi harusi anaonekana kapakwa."

"Kwani hakupakwa?" akauliza Kochupennu.

"Dada, usiniponze. Nenda kule mwisho, nyuma ya nguzo."

"Yaani Upulaya wangu umezidi kipimo?"

"Sogea bwana, jua linazama!"

Akasogea na jani lake, uvundo ukimtangulia. Chellamma akamfuata kwa hasira. Kamera ikaanza kupita, wageni wakaambiwa wakunje majani. Mtoto yeyote wa Kerala anajua: harusini jani hulikunja kukuelekea, maana umeshiba na utarudi, matangani hulikunja kwenda mbele, msiba usirudi. Kochupennu akalisukuma lake mbele, polepole, kama anayefunika mzoga wa panya. Chellamma akamtazama, akasukuma lake. Wa tatu akadaka. Safu nzima ikaifanyia harusi matanga. Mpishi mzee akajishika kichwa.

"Safi sana!" akashangilia Jayadevan, mtoto wa ghorofani aliyekua akila kwa uma.

Filamu ilipotoka, ukumbi mzima ulizomea. Jayadevan akaeleza kwenye televisheni kwamba majani yale ni falsafa yake, mazishi ya ubwana. Akapewa tuzo.

Majirani walikodoa macho mpaka mwisho. Cha Kochupennu kilichoonekana ni mkono tu, ukichomoza nyuma ya nguzo, ukisukuma jani.

"We mama, si ulisema umekaa?"

"Nilikaa," akasema, akatema mate pembeni. "Aliyeigiza ni nguzo."