Dole Gumba la Shangazi Kwenye Dhahabu Yangu

Jamani, hii aibu nimeikalia kimya, ila leo naisema maana kila nikiikumbuka nacheka peke yangu. Mimi nasomea mambo ya molekuli huko Dar: unachukua kioo kilichopakwa dhahabu nyembamba, juu yake unalaza tabaka la molekuli lisiloonekana kwa macho, unalimulika kupitia kigezo chenye tundu za umbo la ua, halafu kwenye hadubini ya elektroni palipopigwa na mwanga panatofautiana na pengine, ua linatokea. Langu lilikuwa litazamwe Jumatatu mbele ya profesa na wageni, na lisipotokea, nafasi yangu ya kuendelea na masomo anapewa mwingine.

Sasa Jumamosi, na kiherehere changu, nikabeba nusu ya kile kioo hadi nyumbani Kaole (nilikikata viwili, kila nusu na ua lake, nyingine niliiacha kabatini maabara, Mungu ananipenda), kisa shangazi Mwanahawa haamini kwamba nashika dhahabu kazini.

"Shikamoo shangazi. Dhahabu yenyewe hii hapa."

"Marahaba. Hebu niione," akasema, na kabla sijafungua mdomo keshaikandamiza kwa dole gumba, dole lenyewe limetoka kumsuka mtu nywele kwa mafuta ya nazi! Nikaifuta juujuu kwa pindo la khanga (msinicheke), nikaiona inang'aa, nikajipa moyo.

Jumatatu nikaiweka hiyo hiyo kwenye hadubini, skrini ikawaka, ua hakuna, kuna mistari iliyopinda imejipanga vizuri, mgeni mmoja akaisifia, nami badala ya kunyamaza nikadakia, "Ndiyo mchoro wangu huo." Akaomba picha ivutwe nyuma kidogo, ikavutwa, ikavutwa tena, dole zima la shangazi likajaa kwenye skrini.

Profesa akavua miwani. "Binti, hicho si kidole?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Nikaropoka yote, ya Kaole, ya shangazi, mpaka ya mafuta ya nazi, kisha mbio kabatini kuleta nusu ya pili, tukasubiri hadubini inyonye hewa yote iliyo ndani yake, jasho linanitiririka na kiyoyozi kinafanya kazi. Ua likatokea! Zima, hadi ncha za petali. Nilikaa chini sakafuni, na koti langu jeupe, nikalia kwa raha.

Nafasi ninayo. Dhahabu haitoki tena maabara, wallahi, nyumbani napeleka picha tu. Ya ua nilimpelekea shangazi, akaitazama kidogo akaiweka pembeni.

"Nzuri. Na ile ya dole langu iko wapi?"