Yai Lisilo na Tundu

Zamani yai la pambo lilipita mikononi mwa watu wawili na kukaa mezani majuma matatu kabla ya kuitwa zawadi. Siku hizi linatoka kiwandani, plastiki tupu, vijiwe vimebandikwa upogo, na watu wanalishangilia.

Fundi na kaka yake waliifanya kazi hiyo miaka thelathini na minne katika chumba kimoja, meza zao zikitazamana. Kaka alitoa yai la bata kwenye trei ya kushoto, akalitoboa juu na chini kwa sindano, akapuliza mpaka vya ndani vikaisha, akaliosha na kulilaza kwenye trei ya kulia. Fundi alilisimamisha kwenye kikombe cha shaba, akaziba matundu kwa lulu, kisha akalivisha vijiwe kimoja kimoja kwa koleo.

"Puliza taratibu, Kaka, usije ukatutolea na kifaranga."

"Bandika hivyo vipuli vyako, mdogo wangu. Wenye mapafu tuko kazini."

Mikono ya Kaka ilikuwa imeanza kutetemeka, na kila mtu aliona. Binti yake, aliyekaa mji mwingine, alitaka kumchukua. Kaka hakutaka kusikia. "Nikikaa kwenye kochi mchana kutwa nitaoza nikiwa hai," alisema. Vidole vya Fundi navyo vilikuwa na ganzi, mwaka wa pili huo. Hilo hakumwambia mtu.

Asubuhi moja, binti akiwa amekuja kusalimia, aliingia mteja, mwalimu mstaafu, ameshika boksi kwa mkono mmoja na pua kwa mwingine. Yai alilompa mwanawe siku ya harusi lilikuwa limepasuka kabatini. Viza. Picha za harusi zilinuka, na mkwe alikuwa amehamia chumba kingine.

"Kati yenu nani anatoa vya ndani?" mwalimu aliuliza.

Fundi aliitazama meza ya kaka yake. Hakufanya zaidi ya hapo.

"Baba, si nilisema?" binti alisema. "Mikono imechoka hiyo."

Kaka aliigeuza mikono yake, akaitazama kama ya mtu mwingine. "Labda nilipitiwa," alisema.

Fundi alikwenda uani kulitupa boksi. Lulu ya juu ya yai ilikuwa imeng'oka, na mahali pake ganda lilikuwa zima, halina tundu la sindano. Akang'oa ya chini. Zima. Kaka hakuwahi kuligusa yai hilo. Ni yeye Fundi aliyenyoosha mkono kwenye trei ya kushoto, akabandika lulu juu na chini kwa mazoea, na uzito wote ule vidole vyake havikumwambia kitu.

Alisimama akingoja aibu imjie. Haikuja. Alichokiona wazi ni kwamba akirudi ndani na kusema, meza itakayoondolewa ni yake. Akayasukuma maganda chini kabisa ya pipa, akanawa.

"Baba mdogo, utaweza peke yako?" binti aliuliza.

"Nitaweza."

Siku ya tatu yake gari lilikuja. Kaka alikuwa amevaa koti, na shati amelifunga vifungo mpaka shingoni.

"Utapuliza na nini?" alimuuliza mdogo wake mlangoni.

"Nitatafuta pampu ya baiskeli."

"Pampu." Kaka alicheka kidogo, kisha akakohoa. "Haya. Uijaze upepo taratibu basi."

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Neno lilikuwepo mdomoni, halina ladha, na alilimeza kama mtu anavyomeza mate.

Binti alimfunga baba yake mkanda, akazunguka, akawasha gari. Kwenye kona walisimama kupisha lori la mchanga. Kupitia kioo cha nyuma Fundi aliona vichwa viwili, kimoja kinaongea, kingine kimeinama. Lori likapita, gari likakata kona. Hakuwaona tena.